Mkaa kwenye wiski, mkaa mdomoni mwa Neema

Neema amekula mkaa sasa hivi. Nimegeuka kidogo tu, kumbe kashapata tobo kwenye mfuko wa mkaa wa braai, yaani wa kuchomea nyama, katoa kipande, anakitafuna kwa meno yake mawili kama biskuti. Mdomo mweusi, ananichekea. Nimemtoa vumbi kwa kidole haraka, maana akilia tu meneja atajua yumo humu stoo.

Leo Alhamisi, baridi ya Randburg inapenya hadi kwenye soli. Jirani anayenilelea mtoto kule Jeppestown kaamka na homa, na leo ndiyo siku yenyewe ya mtihani wa meneja. Duka hili la pombe nimelifagia mwaka mzima. Meneja akiridhika, Jumatatu naacha ufagio, nahamia kaunta, zamu ya asubuhi. Kwa sasa mimi ndiye ninayefunga duka. Nikifika nyumbani Neema kashalala.

Nataka kumkuta macho. Basi.

Mtihani ni huu: nimweleze meneja wiski ya Kimarekani, ile inayochujwa kwa mkaa, halafu nionje mbele yake na kusema ladha yake.

Wiki iliyopita nilijaribu kwa mteja mmoja mzee. Nikamwambia, tena kwa kujiamini, kwamba mkaa ndio unaoipa rangi na moshi. Akacheka. "Mwanangu, hiyo ni nyama ya braai, si wiski." Meneja alikuwa nyuma yake. Yeye hakucheka.

Niliishia darasa la saba, kwa hiyo mambo nayaweka kichwani kwa njia zangu. Jana niliunguza wali. Nikafanya kama mama alivyokuwa akifanya kwetu Korogwe: kipande cha mkaa juu ya wali, nikafunika sufuria. Kufunua, harufu ya kuungua imekwisha. Nikasimama na mwiko mkononi kama mjinga.

Mkaa hautii kitu. Unaondoa.

Ndivyo ilivyo na wiski. Mahindi mengi na nafaka nyingine kidogo vinachachushwa, vinapikwa, mvuke unakusanywa, kama gongo tu. Inatoka nyeupe kama maji, kali, inakwaruza koo. Kabla haijaingia kwenye pipa wanaidondosha tone kwa tone kwenye tangi la mkaa wa mti wa mepo, ule wenye utomvu wa sukari. Tangi lenyewe ni refu kuliko mlango. Inashuka humo siku kadhaa, ukali unabaki kwenye mkaa. Rangi inakuja baadaye, baada ya miaka ndani ya pipa la mwaloni lililochomwa kwa ndani.

Kinachonitisha ni kuonja. Neema bado ananyonya.

Dada Zawadi wa kaunta, Mkongo wa Bukavu, alinicheka jana. "Mama Neema, unaonja ao unabatizwa? Weka mu kinywa, tema mu kikombe. Hata wakubwa wanatema." Akanimiminia kidogo, nikatema. Kwanza utamu, kama vanila na sukari iliyoungua. Halafu ndizi iliyoiva sana. Mwishoni moto mdogo, unapita ulimi bila kuukwaruza.

Lakini meneja husema anataka watu wanaokijua kinywaji. Nilishapanga kumeza, asinione mshamba. Nilishapanga pia kumwacha Neema hapa nyuma ya mifuko, nikiomba Mungu asilie.

Nimemtazama tena na huo mdomo wake mweusi. Hapana. Sitameza, wala simfichi. Namfunga mgongoni na kanga yangu, naingia naye.

Meneja akinifukuza je?

Zawadi kasimama mlangoni. "Weye, anakuita. Na mutoto mugongoni? Eish." Kanga nimeshaifunga, sifungui. Nitaanza na wali ulioungua, nitamwambia mama yangu alikuwa anachukua kipande cha mkaa na kukiweka juu yake, harufu ikaondoka. Naingia.