Mkia wa Herufi A

Kyumbuni, Kalama,
Machakos.
Alhamisi

Kwa kaka yangu Kioko,

Pokea salamu zangu na za Mama. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Mavoko, na kwamba kile kikohozi cha vumbi la simiti kimepungua. Sisi huku tunasukuma siku. Mama yuko na nguvu zake, goti tu ndilo linalomsumbua asubuhi, na anauliza kama siku hizi unakula au bado unashinda kwa chai. Ng'ombe alizaa ndama dume. Mbaazi zimekauka zikiwa na maua.

Najua utashangaa mbona nimeandika badala ya kupiga simu. Nimempa Carol, jirani yetu anayekuja huko, akuletee barua hii mkononi, na sababu utaiona ukifika chini. Nimejaribu kupanga maneno vizuri lakini kichwa changu kimevurugika tangu Jumamosi, kwa hivyo nivumilie nikirudi nyuma.

Kikundi chetu cha vijana unakijua. Uliwahi kutucheka ukisema tunataka kupigana na jua. Tangu mwenzetu Jeff atoke kwenye ule mkutano wa mjini hatuna raha, kila wiki ni haki ya tabianchi: kwamba sisi hatuna viwanda wala magari, na bado ukame unaanzia kwetu. Mimi katibu naandika tu. Tulikubaliana tujenge ukuta mtoni wa kuzuia mchanga, maana mchanga ukikaa, maji nayo hukaa chini yake, na Mama ataacha kubeba jerikani kutoka ng'ambo ya kilima na goti lile. Kazi yenyewe ni ya mwethya, kila nyumba inatoa mtu na jembe lake, lakini simiti haipatikani kwa mwethya. Ndipo tukaandikia ofisi ya naibu wa chifu tupewe ruhusa ya kuchangisha watu. Mwenyekiti wetu Mwanzia, yule fundi wa mawe, aliipeleka barua kwa miguu akairudisha ikiwa na muhuri. Tulifurahi sana siku hiyo.

Basi Jumamosi malori matatu yaliingia mtoni mchana kweupe. Tulikimbia huko na majembe yetu. Vijana waliokuwa wakipakia mchanga ni watu tunaowajua, hata Musembi uliyesoma naye alikuwepo. Dereva hakuogopa. Alitoa simu akasema ana ruhusa, tena ya kikundi chetu wenyewe, tusome tukijua kusoma. Baada ya hapo mawe yalianza. Sijui nani alirusha la kwanza. Wetu wanasema ni wao, wao wanasema ni sisi, na mimi nilikuwa pale na siwezi kuapa. Musembi alivunjika mkono. Nilipokuwa nikimfunga kwa leso yangu aliniambia kwamba hata yeye ni kijana, shamba la kwao limekauka kama letu, na kilichobaki ni sepetu. Akaniuliza kama hiyo haki ya Jeff inamhusu na yeye. Nilikaza fundo la leso. Nimelifikiria swali hilo siku tano sasa.

Jioni hiyo Mwanzia alileta barua yenyewe, ikasomwa mbele ya watu. Imeandikwa kwamba kikundi kinaomba kukusanya mchanga katika eneo lote la mto Kyumbuni kwa muda wa miezi mitatu. Mchanga, Kioko, si mchango. Na muhuri uko hapo chini, wa duara, umekolea wino.

Watu wote walimgeukia Mwanzia. Wanasema herufi o ni rahisi kuigeuza a, unaiongezea mkia tu, na yeye ndiye aliyetembea na barua njia nzima. Wanasema wenye malori walimnunua. Kanini, mchumba aliyekuwa amwoe Desemba, hapiti tena kwao. Jumapili hii baada ya Misa tunakutana kumfukuza, na wako wanaotaka aapishwe kwa kithitu, kile kiapo ambacho marehemu Nyanya hakutaka hata kikitajwa ndani ya nyumba. Mwanzia amesema ataapa kama ndicho wanachotaka. Anaongea polepole, macho chini, na watu wanasema hiyo ndiyo dalili ya hatia. Mimi hakuna aliyeniuliza kitu. Walisema Kalunde hawezi kukosea herufi, yeye ndiye anayesahihisha hata matangazo ya kanisa.

Kaka, ni mimi. Jumapili iliyopita nilifungua daftari nililoandikia barua hiyo kwanza kabla ya kuinakili. Humo pia ni mchanga, mara mbili, na mkia wake mzuri. Siku ile tulikuwa tumeshinda tukizungumza juu ya mchanga tu, nadhani ndio uliojaa kichwani. Nimeona aibu kiasi kwamba nimekaa kimya siku nne huku mtu akichafuliwa jina.

Kuna jambo lingine. Ile simu ya dereva niliichungulia. Haikuwa nakala ya ofisi. Ilikuwa picha, na kwenye kona yake kulionekana kitambaa cha meza cha Mama, kile cha kufuma chenye ua la njano alilolikosea. Picha hiyo niliipiga mimi nikijivunia muhuri, na nilimtumia mtu mmoja tu. Ulinijibu hongera katibu.

Najua malori humwaga mchanga hapo mnapofyatua matofali. Labda ulimwonyesha mtu kwa kujivunia dada yako. Labda uliliona kosa ukacheka naye, picha ikatoka hivyo. Labda hukucheka. Nimejaribu kila moja na hakuna inayonituliza, na nakupenda katika zote, hilo ndilo linalonichanganya zaidi.

Jumapili nitasimama niseme mkia ule ni wangu. Wataniuliza basi karatasi ilifikaje kwa malori, na hapo sijui nitajibu nini. Sitaki kusema uongo tena, wala sitaki jina lako litoke mdomoni mwangu. Misa inaisha saa nne. Ukitoka Mavoko mapema utatukuta bado hatujakaa.

Salimia wenzako wa huko. Mama anakusalimu sana. Hajui lolote, ila nimemwambia huenda ukaja, na tayari amekifua kile kitambaa cha meza na kukitandika.

Ni mimi mdogo wako,
Kalunde

Nimeisoma barua hii mara tatu kabla ya kuifunga.