Sweta la Njano Nililoliondoa Mezani

Urambo

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na kifua kiwe kimetulia sasa baridi ya Makete inapopungua. Mguu wa baba unaendeleaje? Huku jua ni kali, watu wanaandaa vitalu vya tumbaku, na mwili wangu haujambo.

Nimeamua kuandika kwa sababu kila ukipiga simu nakudanganya. Umeniuliza mara tatu kama mtoto anacheza tumboni, nami nikajibu anacheza. Mama, mtoto hayupo. Nilijifungua mimba ikiwa ya miezi saba. Alikuwa wa kike, na hakulia. Nisamehe. Nilihofia kifua chako, tena niliona nikishatamka tu, basi ndiyo imekuwa kweli.

Ule uzi wa njano ulionitumia kwa basi ndio niliomfumia sweta. Lilikuwa limebaki vifungo tu. Niliporudi kutoka hospitali nililificha kabatini, chini ya vitenge, nikaendelea kufuma kofia na soksi pamoja na akina mama wa usharika. Tulikuwa tumeahidi kuuza kazi za mikono tununue mablanketi ya wodi ya watoto njiti. Wenzangu waliniambia nipumzike, nikakataa. Mikono ikikaa bure nilikuwa nalia.

Siku ya kuuza, baada ya ibada, nilichelewa jikoni nikichemsha chai ya wageni. Nilipofika mezani nikamkuta bibi mmoja wa Kinyamwezi, mjukuu mgongoni, ameshika sweta la njano. Lilikuwa na vifungo. Nikamwamkia, akaitikia vizuri, akanionyesha lilivyo laini. Akasema mjukuu wake alizaliwa mdogo sana na alfajiri hutetemeka.

"Bibi, hilo haliuzwi," nikamwambia. "Ni la mwanangu."

Akanitazama tumbo, halafu uso. Alilikunja, akanirudishia kwa mikono miwili, akanipa pole. Mwenyekiti wetu akamtafutia jingine, la kijani, likawa kubwa mno kwa yule mtoto. Nililia mbele ya watu wote, Mama, na nusu ya kilio ilikuwa aibu, maana nilikuwa nimemnyima aliye hai.

Aliyelipeleka mezani ni mkwe wako. Jioni nilimtolea maneno ambayo siwezi kukuandikia. Luhende alinisikiliza mpaka nikachoka. Ndipo akasema alikuwa akiliona kila anapochukua shati, na kwamba vifungo alivishona mwenyewe shuleni, wanafunzi wakiwa mapumzikoni, kwa sababu hakutaka litoke halijamalizika. Alidhani likivaliwa na mtoto mwingine, sisi tutapata nafuu.

"Wewe ulikuwa umelazwa," akasema. "Mimi ndiye niliyembeba kwenda kumzika. Hujaniuliza hata siku moja."

Kweli sikuwahi kumuuliza. Kesho yake asubuhi akanipeleka, mara yangu ya kwanza, nyuma ya shamba la baba yake. Ni mahali padogo, amepazungushia mawe. Tulikaa pale mpaka jua likatuondoa.

Tunaongea sasa, ila kwa tahadhari, kama watu waliofahamiana juzi. Sweta bado ninalo. Mara mbili nimelichukua nikashika njia ya kwa yule bibi, na mara zote mbili nimeishia njiani nikarudi. Sijui ni ubinafsi au ni nini. Wewe ulizika kaka yetu kabla sijazaliwa, na hujawahi kutusimulia. Nilikuwa nadhani umesahau.

Baba umwambie wewe, polepole, akiwa ameshakula. Msalimie shangazi anayekaa nanyi, umwambie maombi yake nayahitaji. Mdogo wangu wa mwisho usimwambie kitu mpaka amalize mitihani. Mpe salamu tu. Barua hii naileta kwa mkono wa mwalimu mwenzake Luhende anayekuja likizo huko, mpokeeni vizuri, ni mtu mwema.

Usinipigie simu ukishaisoma, Mama. Kifua kikiruhusu, panda gari uje. Nataka nikuonyeshe mjukuu wako alipolala, na unieleze wewe uliwezaje.

Mwanao,
Sekela