Nembo za Mama na Kile Kioo

Jumamosi, 12 Juni 2004
Masasi. Dastani, fundi wa kamera, ameifungua kamera yangu ya dijitali akatoa kioo chembamba kilichokaa mbele ya sensa, kile kibamba kinachopokea mwanga. Nilimwagiza mimi. Nimesoma kwamba kinalainisha picha. Kulainisha! Maisha yangu yote magazetini nimepigana na walainishaji. Nataka picha kali. Kesho Newala, nimpige Mama picha kabla ugonjwa haujammaliza. Kuna mjinga kaandika kwamba nembo, zile chale za usoni, ni ushamba. Atakiona!

Jumapili, 13 Juni
Mama kakataa nisogee. "Kichwa bila miguu ni picha ya polisi." Nikarudi hadi mlangoni, nikampata mzima, na kigoda chake. Nikaukuza uso kwenye skrini — Mungu wangu! Mistari myembamba iliyobanana mashavuni haipo. Kuna mitatu minene, imelala upande mwingine, ina rangi za petroli kwenye maji. Mama kaitazama. Eti huyo mtu wa wapi? Akifa ukabaki uso huo ukutani, wajukuu watamkaribisha kama mgeni. Dada Fatu kacheka hadi kashika ukuta: kamera mbishi kama mwenyewe.

Jumatatu, 14 Juni
Nimesoma upya, safari hii hadi mwisho. Mistari ikiwa myembamba kuliko vitundu vya sensa, kamera haikiri kushindwa. Inabuni! Kioo kilikuwa kinaififisha kidogo ili kamera isiongope. Nimempigia Dastani anirudishie kioo. "Baba Lukmani, si ulisema takataka? Nimetupa." Soko huria limetujazia kamera, kipuri hakuna. Nembo ya kampuni hapo juu ya kamera, safi, haina mkwaruzo. Ya Mama ndiyo imeliwa.

Alhamisi, 17 Juni
Mama hali chakula tena. Sauti imekwenda. Nimejaribu kwenye mkeka: nikivuruga fokasi kidogo, picha ipoteze ukali, mistari ya uongo inatoweka. Ya kweli nayo inafifia. Fatu anasema nipige karibu mistari ionekane, Mama hawezi kukataa sasa. Nimemfokea. Kisha nikaona nimeshasogea hatua mbili.

Jumapili, 20 Juni
Asubuhi kafumbua macho. Kaiona kamera. Kaonyesha miguu kwa kidole — Fatu kaifunua. Nimerudi mlangoni. Kwa macho yangu naona kila mstari. Nimegeuza pete ya lenzi kidogo: ukungu. Nimeirudisha: ile mitatu minene. Sijabonyeza. Fatu ananiita niache kuandika, Mama anafumba mach—