Shali Aliyozikwa Nayo Velvel

Jumanne, 2 Februari 2016

Shali ya baba imepotea. Imepotea tangu Jumanne iliyopita, tarehe 26 Januari, pale tulipomfukia kaka yangu Velvel. Na mimi nilikuwepo! Nilimwaga udongo wangu kama kila mtu, udongo umeganda kama matofali, nisijue kwamba naifukia na shali.

Nimejua leo. Matanga yaliisha jana asubuhi, nikaona niende kwa wifi yangu Bryna kuchukua kilicho chetu. Mjukuu wangu Gavi ana bar mitzva, sherehe ya kutimiza miaka kumi na tatu, tarehe 5 Machi. Velvel hakuwa na mtoto. Aliahidi mezani kwangu, usiku wa Pasaka, watu kumi na wanne wakisikia: siku Gavi atakayosimama kusoma Torati, atavaa shali ya sala ya baba yetu. Sufi halisi, mistari myeusi, ukosi wa fedha ya kusuka. Baba aliingia nayo hapa Winnipeg, Kanada, yeye na sanduku moja na njaa.

Bryna akanipa mfuko wa mahameli. Nafungua — ya nailoni! Ile waliyonunua likizo Florida.

Nikauliza ya baba iko wapi.

"Si amezikwa nayo, wifi. Mwanamume huzikwa na shali yake. Hata wewe unajua."

Najua. Lakini alikuwa nazo mbili. Mwenye akili anazika ya nailoni.

Akasema siku ile alikuwa sakafuni analia, hakuwa anakagua stoo.

Alhamisi, 4 Februari

Nimempigia rabi. Nikamuuliza kama kaburi linaweza kufunguliwa. Halifunguliwi kwa ajili ya kitambaa, akasema. Isitoshe, shali ya maiti hukatwa tamvua moja la nyuzi za pembeni kabla ya jeneza kufungwa. Haifai tena kwa sala ya mtu aliye hai. Akauliza naendeleaje na msiba. Nikasema vizuri.

Sivyo. Hapa hakuna anayesoma, basi niandike. Baba alimpeleka Velvel shule, mimi akanipeleka kwenye cherehani nina miaka kumi na tano. Shali ikaenda kwa mwana. Haya. Nilianza karakana ya mapazia na cherehani mbili chakavu, nikaja kuiuza ina wafanyakazi arobaini. Nusu ya hoteli za mji huu zimelala nyuma ya mapazia yangu. Kitu kimoja tu sikuweza kukinunua. Kingekwenda kwa Gavi, na mimi ndiye ningemvisha mabegani, mbele ya wote. Nilishauliza, sinagogi yetu inaruhusu bibi kufanya hivyo.

Sasa nampa nini?

Jumanne, 9 Februari

Jikoni pale sinagogi, tunamenya viazi. Kila mtu ana ushauri. Mmoja: mpe hundi, kumi na nane mara mia moja, kumi na nane ni hesabu ya uhai, nani anakataa uhai? Mwingine: panda miti kwa jina lake. Miti! Ana miaka kumi na tatu, aende kuikumbatia? Wa tatu: saa ya mkononi. Mtoto anatazama saa kwenye simu.

Nikawaambia pesa atanunulia viatu, na viatu miezi sita vimeshambana. Nataka kitu ambacho akiwa mzee wa miaka sabini, mtu amuulize kimetoka wapi, naye awe na jibu.

Bryna alikuwa kwenye kona anakata vitunguu. Nikasema kwa sauti: kuna watu walikuwa na kitu cha namna hiyo ndani ya nyumba, wakakifukia.

Visu vyote vikasimama.

"Dora," akasema, hata hakugeuka, "wewe ungekuwepo Sinai ungemdai Musa risiti."

Wakacheka! Wote. Nikavua aproni nikaondoka. Kwenye gari ndipo na mimi nilicheka kidogo. Kidogo tu.

Jumapili, 14 Februari

Nimekumbuka jambo nikiwa napiga mswaki. Fedha haizikwi! Kwetu tajiri na maskini huzikwa sawasawa, bila pambo lolote. Ule ukosi lazima uling'olewa. Basi uko wapi?

Nikaenda kwa Kravetz. Riziki yake ni kuuza matairi. Wakifa wanaume wetu, yeye na chama chake cha mazishi ndio wanaowaosha. Nilimkuta dukani. Akanivuta nyuma ya rafu.

"Bi Dora, ya chumba kile hayatoki nje. Unajua sheria."

"Sikuulizi habari za mwili wa kaka yangu. Nakuuliza habari za fedha."

Akajifuta mikono muda mrefu, mikono yenyewe safi. "Ilitufikia haina ukosi. Na hapo nimeshasema mengi."

Kwa hiyo umetolewa nyumbani. Kwa utulivu, kwa makusudi, na mtu aliyejua ameshika shali ipi. Ati hakuwa anakagua stoo!

Jumanne, 16 Februari

Nimetoka kwa Bryna.

Nilisimama mlangoni na buti za theluji, nikasema sivui mpaka nione ukosi. Hakubisha. Akaenda chumbani akaja nao ndani ya kitambaa cha kufutia vyombo. Mweupe, mzima, haukupinda popote.

Nilikuwa na maneno tayari. Nimeyaandaa wiki mbili. Kisha nikaugeuza.

Mshono nausoma kama wenzangu wanavyosoma gazeti. Nyuma ya ukosi vilibaki vipande vya uzi, vyote urefu mmoja: mishono minne, minne, minne. Mtu alikata kila mshono wa nne upande wa nyuma, halafu akavuta uzi wa mbele wote kwa mara moja, ili sufi isichanike na fedha isikwaruzwe. Mtu mwingine angechukua mkasi akararua. Ile ni namna yetu ya karakana. Namna yangu.

Bryna hawezi kushona kifungo.

Karakana niliiuza miaka tisa iliyopita. Katika ukoo huu niliyemfundisha kufumua hivyo ni mmoja tu. Binti yangu Rhonda. Mama yake Gavi.

"Nani amefumua hii?"

"Kaa unywe chai."

"Bryna, nani?"

"Wifi. Kunywa chai."

Nimemtukana mbele ya jiko zima naye hakumtaja mtu, akaendelea kukata vitunguu, kumlinda binti yangu dhidi yangu. Nilikunywa ile chai, nikaondoka na ukosi. Sikuomba radhi. Nilitaka, haikutoka.

Jumatano, 24 Februari

Siku thelathini za Velvel zimetimia leo.

Sijamuuliza Rhonda. Mimi! Nimeshamuuliza meneja wa benki kwa nini amenikata dola nne, mbele ya foleni. Binti yangu namuuliza habari za kodi ya ukumbi na idadi ya viti.

Badala yake nimeagiza sufi, ileile nzito ya zamani. Nimekata, nimepinda, nimeshona kwa mkono. Macho yananiuma. Kravetz atafunga matamvua kwenye pembe nne. Ukosi nitauweka mimi. Kama haiwezi kuwa ya baba, itakuwa ya baba shingoni na yangu mgongoni. Hiyo ndiyo zawadi. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi nimekula nikashiba.

Jumatatu, 29 Februari

Nimeuliza. Afadhali nisingeuliza. Hapana — afadhali nimeuliza.

Rhonda alikuwa anapanga kadi za meza. Nikaweka ukosi katikati ya kadi, upande wa nyuma juu. Akautazama, akajua kwamba najua.

"Ndiyo, Mama. Ni mimi."

"Kwa nini?"

"Mjomba aliniomba. Hospitali, wiki ya mwisho."

Nikasema Velvel muongo! Aliahidi! Watu kumi na wanne!

"Aliahidi kabla ya kumuuliza Gavi," akasema. "Mwezi wa kumi na mbili akamuuliza. Gavi akamwambia anayo ya kwake."

Ya kwake ipi? Ikabidi nielezwe kama mgeni. Darasa lao la bar mitzva, tangu Novemba, kila mtoto anajikatia na kujifungia shali yake. Baada ya jibu hilo mafundo alifundishwa na Velvel mwenyewe, Jumapili baada ya Jumapili, katika chumba kile kile alichougulia, nilichokuwa napeleka supu. Wakiniona wanaficha nyuzi chini ya mto. Velvel akasema basi vizuri, ya baba nimeivaa miaka arobaini, mgongo wangu umeizoea, nitaondoka nayo. Ila Dora asiambiwe mpaka bar mitzva ipite.

"Wanaojua ni wangapi?"

"Mama, usianze kuhesabu."

"Wangapi?"

"Wote."

Nikauliza kwa nini mimi nisiambiwe, mimi ni nani, mpelelezi wa kodi?

Rhonda akakusanya kadi zake polepole. "Kwa sababu hukatazwi kitu, Mama. Hakuna anayejua kukuambia hapana. Mjomba alikuwa na miaka sabini na sita, anakufa, ana mpira wa hewa puani, na bado alikuwa anakuogopa."

Nimerudi kwa miguu. Baridi ishirini na mbili chini ya sifuri. Gari nililisahau kwao.

Alhamisi, 3 Machi

Nimeipeleka. Ningefanyaje? Imekwisha, imepigwa pasi, imekunjwa.

Gavi alikuwa anafanya mazoezi ya kusoma, sauti inapanda inavunjika, inapanda inavunjika. Kwenye kiti kulikuwa na ile ya kwake. Pamba nyepesi ya kitambaa cha meza. Pindo limekwenda mrama, pembe moja imekunjamana kama kola ya mlevi. Matamvua hayalingani. Mfanyakazi akiniletea kazi ile ningemrudishia bila neno.

Fundo la kwanza nililitambua. Velvel alikuwa akifunga kamba za viatu hivyo hivyo, kubwa na la kujikaza.

Nikamfungulia ya kwangu. Akaushika ukosi kwa kidole kimoja.

"Nzuri sana, Bibi."

"Utaivaa Jumamosi?"

"Sawa, Bibi. Nitavaa."

Upesi hivyo. Wala hakuitazama ile ya kitini. Rhonda alikuwa mlangoni, macho kwa mwanawe.

Sauti ile naijua. Nimeisikia miaka thelathini, kila Ijumaa mchana, nilipouliza nani atabaki amalizie oda. Sawa, Bi Dora. Wana watoto nyumbani, wana mishumaa ya Sabato ya kuwasha — sawa, Bi Dora. Nami nikaichukua kuwa ni ndiyo, kwa sababu ilinifaa.

Ijumaa, 4 Machi

Nimempigia kabla hajaenda shule. Nikamwambia shali ni mbili na mabega ni yake. Nataka jibu lake, si la adabu. Asiponitaka na sufi yangu, aseme.

"Bibi, unataka niseme nini?"

"Sitaki useme ninachotaka!"

Nilipiga kelele. Nilijisikia mwenyewe. Upande wa pili nikamsikia Rhonda kwa mbali akiuliza ni nani. "Ni Bibi tu," Gavi akasema, na simu ikakatwa. Sijui ni nani aliyekata.

Bryna amepita na keki zake za kesho. Nikamwambia kilichotokea. Akasema mwache mtoto, wifi, kesho utamwona amevaa nini. Siwezi. Nikimwona pale mbele ameivaa ya kwangu, nitajuaje? Nitasimama kumvisha, naye atainamisha shingo, nami sitajua. Bryna akasema ndivyo watu wote wanavyoishi. Nikamwomba radhi, ya vitunguu. Akasema eti vitunguu gani.

Sasa ni saa tisa na robo. Mishumaa ya Sabato ikiwashwa kwa Rhonda simu zinazimwa mpaka kesho usiku, na kesho usiku ni kazi bure. Nimeandika ujumbe, nikafuta, nikaandika tena mfupi. Nimeutuma:

Gavi. Ndiyo au hapana. "Sawa" siipokei. Mwisho saa kumi na moja jioni.