Siri Niliyompa Mumbua

Jumamosi. Manyunyu tangu asubuhi, mtaa wetu wa Waithaka wote ni matope. Nimejikunyata kitandani na soksi mbili miguuni. Nina hasira ambayo sijui niiweke wapi.

Acha niandike kama ilivyo.

Tangu nimzae Baraka, miaka mitatu sasa, mkojo umekuwa ukinitoka. Nikikohoa, nikicheka, nikipanda ngazi za ofisini huko mjini. Nilitembea na suruali ya ziada kwenye mkoba, na hata mume wangu hakujua. Niliyemwambia ni Mumbua peke yake. Tumekaa meza za kupakana kazini miaka sita.

Ndiye aliyenipeleka darasa la mazoezi ya Pilates, kwenye ukumbi mdogo karibu na Dagoretti Corner. Nilidhani ni kulala kwenye mkeka na kupumua tu. Dakika kumi hazikuisha, tumbo lilikuwa linatetemeka lote. Mwalimu wetu, Rehema, alinifundisha kukaza misuli ya chini ya nyonga ninapotoa pumzi, polepole, bila kushindana na mtu.

Miezi minne imepita. Mgongo hauniumi tena. Nasimama wima. Jumatatu nilipiga chafya mara tatu ndani ya lifti na nikabaki mkavu. Nilitaka kumkumbatia mtu nisiyemjua.

Halafu ikaja Alhamisi.

Tulikuwa tunamkaribisha Njoki, amerudi kutoka likizo ya uzazi. Chai, mandazi, vicheko. Jamaa mmoja wa mauzo akasema, "Msimchekeshe sana Mama Baraka, tutatafuta mopu."

Walicheka. Si wote, lakini wengi.

Nilimtazama Mumbua. Alikuwa anatazama kikombe chake.

Leo nilimsubiri mlangoni mwa ukumbi.

"Ulimwambia nani?"

"Njoki tu. Ako na shida kama yako, nilitaka kumpa moyo. Si ungeambiwa kuna mtu amepona ungefurahi?"

"Kwani lazima ungetaja jina langu?"

"Sikudhani atasema, Mama Baraka."

"Na mimi sikudhani utasema."

Alianza kulia. Sikumbembeleza. Niliingia, nikatandika mkeka wangu mbele kabisa, karibu na kioo, na kwa saa nzima sikugeuka nyuma. Rehema alisema leo nimekaza vizuri kuliko siku zote. Hakujua nilikuwa nakaza nisilie.

Nakiri jambo moja: kicheko cha yule jamaa kimeshaanza kupoa. Ila kile kikombe cha Mumbua, hapana.

Mchana Njoki amenitumia ujumbe. Anaomba msamaha, alimsimulia mwenzake mmoja tu, naye akasambaza. Mwishoni ameuliza, kama mtu anayeona haya kubisha mlango: "Hiyo darasa iko wapi? Mimi pia nimechoka kujificha."

Nilitaka kumwacha ahangaike, kama nilivyohangaika mimi.

Nimemtumia jina la ukumbi na saa ya kuanza. Nimemwambia aje na soksi zisizoteleza.

Mumbua amepiga simu mara mbili. Sijashika. Labda wiki ijayo. Labda.