Oberek Waliyotaka Kuninyima

Mami wangu,

Habari za Mugutha? Na nyanya yetu Shosho, goti lake linaendeleaje? Mvua imefika shambani, ama bado mnaangalia mawingu? Mimi ni mzima, ila nina hasira, na hata nikikuficha utaisikia kwa sauti nikipiga simu.

Nilikwambia nimejiunga na kikundi cha ngoma hapa Polandi, pamoja na wenzangu wa kiwanda cha uyoga. Ngoma yenyewe inaitwa oberek. Fidla inakimbia, kodiani inaifukuza, na wewe na mwenzako mnazunguka kama pia mpaka huoni ukuta. Shosho, vile alicheza mwomboko wa kodiani ujanani, angeielewa mara moja. Msimu wote wa baridi nimejifunza. Sketi ya mistari nimeshona mwenyewe.

Basi Jumapili ilikuwa sherehe ya mavuno. Tukivaa, kiongozi wetu, Beata, akaniita kando.

"Wanjiru, wageni wamekuja kuona Polandi. Oberek waachie wenyewe, wewe utafungua na ngoma ya kwenu. Vaa hii."

Akanipa kitambaa cha madoa ya chui! Mami, mimi ni wa Ruiru. Chui nimemwona wapi, kama si kwa blanketi ya Shosho?

Nikamwambia, "Ngoma uliyonifundisha ni hii. Ndiyo nitacheza."

"Usiniharibie siku," akasema, na nafasi yangu akampa msichana mwingine.

Mzee Marek, anayecheza na mimi, alisikia yote. Fidla ilipoanza, alimwomba yule msichana radhi, akaja mpaka pale nilipojibanza, akaninyooshea mkono.

"Tunachelewa," akasema.

Nikaingia. Nilikanyaga mbao za jukwaa kwa hasira mpaka kiatu kikapasuka. Nilizunguka nikilia. Watu wakasimama, wakapiga makofi, na Beata huyo, mbio, simu mkononi, anataka picha akinikumbatia! Nikamtoa mkono begani.

"Piga picha na chui wako."

Sasa anasema nina kiburi, niombe msamaha ndio nirudi. Siombi. Na usiniambie ninyenyekee eti niko kwa watu. Nimenyenyekea kazini, nimenyenyekea kwa mwenye nyumba. Kwa ngoma, hapana. Alhamisi nitakuwa mazoezini. Anayetaka kunitoa anishike mkono anitoe.

Msalimie Shosho, na mdogo wangu Wambui huko hosteli ya Wendani, na Mama Kamau jirani anayekuchotea maji. Hasira hii si yenu. Yenu ni mapenzi tu.

Binti yako,
Wanjiru