Mueni wa Nne

Jumapili, saa kumi jioni. Woodley, Nairobi.

Baridi ya Julai imekaa juu ya mji kama jirani asiyejua kuaga. Jua sijaliona tangu Alhamisi, na hapa nilipo nimevaa soksi mbili mbili ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Nimefungua laptopu kwenye meza ya kulia, na tangi la samaki nimelipa mgongo makusudi, maana nikiliangalia nachanganyikiwa upya. Leo nilipaswa kufurahi. Nusu yangu inafurahi kweli. Nusu nyingine inataka kujifungia bafuni ilie.

Wacha nianze mwanzo. Labda nikiandika nitaelewa.

Tangi hili si wazo langu. Mwaka jana jirani yangu alihamishiwa kazi Mombasa, akaona ni upuzi kubeba maji ya chumvi kuyapeleka baharini, akaniachia mzigo wote: kioo, pampu, mawe na samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Mimi ni Mkamba wa Kitui. Samaki niliokuwa nawajua ni wa kukaanga. Lakini nikajifunza, kwa sababu ndivyo nilivyo. Kazi yangu ni masjala ya wizara moja kule Upper Hill, na faili likipotea mimi ndiye ninayeitwa. Kitu kisicho na maelezo huninyima usingizi.

Halafu mwezi wa Machi akaja mama yangu. Namwita Mwaitu, kama Wakamba wote tunavyowaita mama zetu. Moyo wake umechoka. Alipokuwa nyumbani aliruka kliniki moja, akaruka ya pili, ati amepata nafuu, ati mbuzi wanakaribia kuzaa, mpaka siku majirani walipomkuta ameanguka jikoni. Daktari wa huku alinitazama mimi, si yeye, akasema: kila wiki mbili nimwone, na asikae mbali na hospitali. Basi nikamleta kwangu.

Nairobi haijampendeza hata kidogo. Analalamika kwamba watu wa hapa wanasalimia geti badala ya binadamu. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," ananichokoza kila asubuhi. "Mimi niko mwezi wa nne. Jembe langu liko wapi, Mwende?" Ananichekesha, lakini najua hatanii sana.

Kitu pekee alichokipenda ndani ya nyumba hii ni tangi. Alivuta kiti akakaa mbele yake kama watu wanavyokaa mbele ya runinga. Nikasema sawa, nitamwongezea samaki, apate sababu ya kukaa.

Wa kwanza alikuwa wa manjano. Mwaitu akampa jina: Mueni. Kwetu ni jina la msichana, na maana yake ni mgeni. Nilimpokea Jumamosi, Jumapili asubuhi alikuwa amelala ubavu chini ya pampu. Wa pili, wa buluu, naye akaitwa Mueni, naye hakuuona mchana wa pili. Wa tatu alikufa tukiwa kanisani.

Na wale wenyeji wawili? Wanaogelea, wananenepa, wananitazama kama mimi ndiye mwenye shida.

Haki ya nani, nilipima kila kitu. Nilipima chumvi, nikapima joto, nikapima uchafu wa maji kwa vile vichupa vya rangi. Maji yalikuwa safi kuliko ya kwenye birika langu. Nikashuku wenyeji wanawapiga wageni, nikakaa saa nzima nikiwachunga kama mwalimu wa zamu. Hawakumgusa mtu. Nikashuku dawa ya mende, nikaacha kupuliza, mende wakashukuru. Nikashuku sabuni ya mikono yangu. Mwishowe nikaanza kushuku maombi yangu, na hapo ndipo nilipojua nimeishiwa.

Jumatano iliyopita nilirudi kazini nikakuta begi la Mwaitu limefungwa, liko mlangoni mwa chumba chake.

"Nyumba hii haipokei wageni, Mwende," aliniambia, bila hasira. "Nimeonyeshwa mara tatu. Hata mjinga angekuwa ameelewa."

Alikuwa amepanga kupanda basi Jumanne. Kliniki yake ni Alhamisi.

Nilibembeleza, nikakasirika, nikabembeleza tena. Nilimwambia samaki ni samaki na mama ni mama. Akanipigapiga mkono kana kwamba mimi ndiye mgonjwa. Namjua Mwaitu. Akifika Kitui hatarudi hospitali, na safari hii majirani wanaweza kuchelewa kumkuta jikoni. Kwa hivyo mtu asinicheke nikisema kwamba wiki hii nimekuwa nikimpigania mama yangu kwa kipima chumvi.

Alhamisi nilipata kidokezo cha kwanza, na nilikipata kwa uvivu wangu. Kopo alilokuja nalo Mueni wa tatu lilikuwa bado kwenye veranda, maji ndani, kifuniko juu, sikuwa nimelimwaga. Nikasema wacha nipime na haya. Tangi langu husoma thelathini na tano, kama bahari. Kopo lilisoma ishirini na moja.

Aisee, nilipandwa na mori!

Jana asubuhi nilikuwa wa kwanza mlangoni kwa Bwana Jiten, mzee mpole mwenye duka la samaki wa mapambo kule Parklands. Hata salamu nilisahau. Nikamwambia ananiuzia samaki ndani ya maji ya mvua, halafu mimi naenda kuwamwaga kwenye chumvi, si ajabu wanakufa. Maskini, alinisikiliza mpaka nikamaliza pumzi. Kisha akachota maji ya tangi lake mbele yangu, akapima, akanipa nisome mwenyewe. Thelathini na tano. Akajaza kopo, akapima tena. Thelathini na tano.

"Mama, kwangu iko sawa, ona mwenyewe," alisema. "Lakini kutoka hapa mpaka kwako, sijui nini nafanyika."

Akanifungia samaki wa nne, zambarau mbele na manjano nyuma, mdogo kama kidole gumba. Nikaondoka na aibu yangu na samaki wangu.

Nilipofika mlangoni nilipima tena kabla ya kuingia. Thelathini na tano. Nikafungua kifuniko, nikaliweka kopo lielee ndani ya tangi kwa nusu saa ili joto lilingane, kama ninavyofanya siku zote. Baada ya hapo humtoa samaki kwa wavu na kumwachilia.

Ile nusu saa sijawahi kuitazama. Huwa naitumia kufanya kazi nyingine. Jana nilitoka kuanika nguo nyuma ya nyumba, nikakumbuka vibanio, nikarudi.

Mwaitu alikuwa amesimama kwenye tangi na kikombe chake cha bati. Alikuwa anamimina maji ndani ya kopo, taratibu, na kuongea Kikamba kwa sauti ya chini.

"Kunywa, mueni. Umetoka mbali. Maji ya hapa ni machungu, lakini utazoea."

Nilisimama pale na mikono mitupu. Nilielewa kila kitu mara moja.

Asiyetoka kwetu haelewi, kwa hivyo nieleze. Kule kijijini kisima chetu ni cha chumvi. Sisi wenyeji tumekizoea, mbuzi wamekizoea, lakini mgeni akiyanywa yale maji anaharisha mpaka anakonda. Kwa hivyo mgeni hapewi maji ya kisima. Anapewa ya mvua, yaliyofichwa kwenye mtungi wa pembeni, hata kama yamebaki ya kikombe kimoja na watoto wanatazama. Nilipokuwa darasa la pili nilichapwa kwa kunywa maji ya mgeni. Nilichapwa vizuri, na huyu huyu Mwaitu.

Sasa angalia. Samaki wa zamani ni wenyeji, wamezoea chumvi. Samaki mpya ni mgeni. Mama yangu amemfanyia alichomfanyia kila mgeni aliyewahi kukanyaga uwanja wetu. Tena kwa sababu ya baridi hii aliyachemsha kwanza, akayapooza mpaka yakawa vuguvugu. Na kila mara, nusu saa ikiisha, mimi, binti yake, namtoa samaki kwenye maji yale matamu na kumtumbukiza kwenye chumvi kali kwa mpigo mmoja. Chumvi inamkamua maji yote mwilini. Hawezi kustahimili.

Na mimi nilikuwa nimeona! Mara zote tatu niliona kopo limejaa kuliko nilivyoliacha. Nikadhani maji ya tangi yamerukia ndani. Mtu wa masjala, ambaye hupata faili la mwaka arobaini na saba, nikashindwa kuona vikombe viwili vya maji.

Nilirudi nyuma kimya kimya mpaka aliposogea jikoni. Kisha nikapima. Kumi na nane. Chini kuliko ya wa tatu, na sikuelewa kwa nini. Nikalitoa kopo, nikaweka samaki kwenye beseni na maji yale yale, nikatega mpira mwembamba kutoka kwenye tangi, nikaufunga fundo ili maji ya chumvi yadondoke tone moja moja. Mwaitu alipouliza nikasema Bwana Jiten ameagiza tumzoeshe polepole. Uongo wa kwanza, mdogo.

Mchana wote wa jana ulikwisha nikihesabu matone. Kufikia saa kumi samaki alikuwa ameegemea ubavu na nikaanza kumuomba Mungu kwa jina la samaki, jambo ambalo sitamweleza mchungaji. Tulipomaliza chakula cha jioni alikuwa amesimama sawa. Nikapima, thelathini na nne na kitu. Nikamwachilia.

Asubuhi ya leo niliamshwa na vigelegele.

Mama yangu, mwenye moyo mchovu, alikuwa amesimama sebuleni na leso mabegani akipiga vigelegele saa moja asubuhi, kwa sababu Mueni wa nne alikuwa anakula. Mama wa nyumba ya pili akafungua dirisha kuuliza ni mtoto gani amezaliwa. Mwaitu akamwambia aje aone. Akaja, na gauni lake la kulalia na sweta juu. Wakanywa chai pamoja. Miezi minne, na hiyo ndiyo chai yake ya kwanza na jirani.

Tulipotoka kanisani nilikuta begi limefunguliwa, nguo zimerudi kabatini.

"Jumanne siendi popote," alisema. "Nyumba imekubali."

Basi nimepata nilichokuwa nakitaka. Alhamisi tutakuwa kliniki. Nilipaswa kusema asante na kunyamaza.

Lakini tukila chakula cha mchana akaniinamia, akaniambia siri yake. Yote, bila kuulizwa. Kwamba huwa anawapa wageni maji. Kwamba wale watatu wa mwanzo aliwapa vikombe viwili viwili tu, kwa sababu aliogopa nitasema anaharibu. Jana akajilaumu kwa uchoyo, akampa huyu vitatu. Na umeona mwenyewe, Mwende, huyu amepona.

Woi.

Nikimwambia ukweli, nitakuwa nimemwambia kwamba ukarimu wake ndio uliozika wageni watatu. Namwambiaje hivyo mtu ambaye daktari amesema asishtuliwe? Na nikimwambia nyumba haijawahi kukataa mtu, si ndiyo nafuu aliyohitaji tangu mwanzo? Au atasikia ile sehemu ya kwanza tu? Nisipomwambia, tayari ameniagiza nilete mwingine Jumamosi, na maji ya kuchemsha anayo. Naweza kukataa kununua. Naweza kutega mpira wangu kila mara mpaka tuzeeke wote wawili. Naweza pia kuwa mtu mzima na kuongea na mama yangu. Nimeyapanga yote matatu tangu saa nane na kila nikipanga upya naishia pale pale.

Nilikuwa naosha vyombo alipokuja kusimama kando yangu na kitambaa cha kufutia. Alifuta sahani moja kwa muda mrefu sana.

"Wale watatu, Mwende," akauliza. "Walikufa na kiu?"

Maji ya bomba yalikuwa yanamwagika bure. Nikayafunga.

"Sijui, Mwaitu."

Miezi hii yote nimekuwa nikisema sijui, na ilikuwa kweli. Leo ndiyo mara ya kwanza nimedanganya kwa neno hilo. Akaitikia kwa kichwa, akachukua sahani nyingine, akaendelea kufuta.